Marston: Baba wa Wonder Woman aliyesaka ukweli huku akiishi kwa siri

MAGOMA, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, ni mahali ambapo thamani ya kamba haihitaji maelezo marefu. Hiyo ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Kwa vizazi kadhaa nyuzi zake, yaani katani, zimesokotwa kamba zinazotumika pande nyingi za dunia.

Mwanzoni mwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Japani yaliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, ambako Waingereza na Wamarekani walikuwa wakipata malighafi ya kamba za meli. Macho yao yakageukia Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwalazimisha maelfu ya wanaume kwenda kufanya kazi mashambani, yakiwamo mashamba ya mkonge.

Katika mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, watoto wa Marekani walikuwa wakisoma habari za kamba ya namna nyingine. Katika toleo la Juni 1942 la jarida la katuni la Sensation Comics, shujaa wa kike aitwaye Wonder Woman alipewa kitanzi cha dhahabu. Yeyote aliyefungwa kwa kitanzi hicho alilazimika kumtii aliyekishika, na akiulizwa swali, hakuwa na budi kusema kweli.

Aliyebuni kamba hiyo hakuwa fundi wa kamba wala mchoraji. Alikuwa Dk. William Moulton Marston, mwanasheria na mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka uleule ambao mkonge uliingia Tanganyika, na ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alitafuta njia ya kumfanya binadamu aseme kweli.

Hata hivyo, nyumbani kwa mtafuta ukweli huyo kulikuwa na siri kubwa, ambayo hata baadhi ya watoto wake hawakuijua alipoaga dunia. Na nyuma ya jina lake walikuwapo wanawake ambao bila wao shujaa huyo asingezaliwa, lakini majina yao yalichukua miaka mingi kufahamika.

Kuzaliwa na elimu

Marston alizaliwa Mei 9, 1893, karibu na mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1911 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho wakati huo hakikuwa kikipokea wanafunzi wa kike.

Katika mwaka wake wa kwanza chuoni hapo lilitokea jambo lililozungumzwa sana. Mpigania haki ya wanawake kupiga kura kutoka Uingereza, Emmeline Pankhurst, alialikwa kuzungumza na wanafunzi, lakini uongozi wa chuo ukamnyima ukumbi. Alilazimika kuhutubia katika ukumbi ulio nje ya chuo, na watu wakafurika.

Mwanamke aliyeathiri zaidi maisha ya kijana huyo alikuwa Elizabeth Holloway, mzaliwa wa Kisiwa cha Man, ambaye naye alizaliwa mwaka 1893. Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1915, mara baada ya kila mmoja kupata shahada yake ya kwanza.

Wote wawili walitaka kusomea sheria. Marston aliingia Harvard bila kizuizi, lakini mlango huo ulikuwa umefungwa kwa mkewe kwa kuwa kitivo cha sheria cha Harvard hakikupokea wanawake hadi mwaka 1950. Elizabeth alikwenda Chuo Kikuu cha Boston, akajilipia karo kwa kuuza vitabu vya mapishi, na mwaka 1918 akahitimu.

Mashine ya kubaini uongo

Akiwa bado mwanafunzi, Marston alianza kuchunguza uhusiano kati ya uongo na shinikizo la damu. Inaelezwa kuwa wazo hilo lilianzia kwa Elizabeth, aliyegundua kwamba akikasirika au akisisimka, shinikizo lake la damu hupanda. Marston akaamini kuwa mtu anaposema uongo moyo wake humsaliti, hata kama uso wake umetulia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Marston alitaka kuifupisha zaidi kwa kipimo cha kitaalamu. Kazi hiyo ilimsaidia kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1921. Mwaka huohuo, John Larson wa jeshi la polisi la Berkeley, California, alitengeneza mashine iliyopima kwa pamoja shinikizo la damu, mapigo ya moyo na upumuaji. Kwa sababu hiyo, si sahihi kumwita Marston mgunduzi pekee wa mashine ya kubaini uongo, ingawa yeye mwenyewe alipenda kuitwa hivyo.

Mtihani mkubwa wa kipimo chake ulikuja mwaka 1922 jijini Washington. Kijana mweusi aitwaye James Alphonso Frye alikuwa akishitakiwa kwa kumuua daktari. Alikuwa amekiri, kisha akakana maelezo yake. Marston alimpima gerezani, akahitimisha kuwa Frye anasema kweli anapokana kosa hilo.

Jaji aliukataa ushahidi huo. Frye alipatikana na hatia ya kuua kwa kiwango cha pili. Desemba 1923, mahakama ya rufani iliunga mkono uamuzi wa jaji, ikaeleza kuwa ushahidi wa kisayansi hauna budi kutokana na mbinu inayokubalika kwa ujumla miongoni mwa wataalamu wa fani husika.

Kanuni hiyo, iliyopewa jina la Frye, iliongoza mahakama nyingi za Marekani kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1993 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoweka utaratibu mwingine kwa mahakama za shirikisho. Kwa Marston ilikuwa fedheha. Kwa Frye, aliyebaki kifungoni hadi mwaka 1939, ilikuwa sehemu kubwa ya uhai wake.

Mwaka huo wa 1923 haukuwa mwema kwa msomi huyo. Alikamatwa kwa tuhuma za udanganyifu zilizotokana na biashara yake iliyofilisika. Mashitaka hayo baadaye yalifutwa, lakini jina lake lilikuwa limetiwa doa. Kazi yake ya ualimu wa chuo ikaanza kuyumba, akahama kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Nyumba ya siri

Mwaka 1925, akifundisha katika Chuo cha Tufts, Marston alikutana na mwanafunzi aitwaye Olive Byrne. Msichana huyo hakutoka katika familia ya kawaida. Mama yake, Ethel Byrne, na mama yake mkubwa, Margaret Sanger, ndio waliofungua kliniki ya kwanza ya uzazi wa mpango nchini Marekani, huko Brooklyn, New York, mwaka 1916. Wote wawili walitiwa mbaroni kwa kazi hiyo.

Olive aliingia katika nyumba ya akina Marston na hakutoka tena. Kwa makubaliano ambayo hayakutangazwa nje, wanawake hao wawili waliishi na mwanamume mmoja, na kila mmoja akamzalia watoto wawili.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mume kuwa na wake wawili si habari ya kushangaza. Nchini Marekani lilikuwa jambo la kumfukuzisha mtu kazi na kumtenga na watu. Hivyo ikabuniwa hadithi: Olive alijitambulisha kuwa ni mjane aliyefiwa na mume ambaye kwa hakika hakuwahi kuwapo. Wanawe walikua wakiamini hivyo, na Marston, baba yao mzazi, aliwachukua kama watoto wa kulea. Waliambiwa ukweli miaka mingi baada ya yeye kufa.

Badala ya pete ya ndoa, Olive alivaa mikononi jozi ya bangili pana. Bangili hizo zilikuja kujulikana duniani kote bila dunia kumjua mwenyewe.

Aidha, aliyeilisha nyumba hiyo kwa miaka mingi hakuwa Marston. Alikuwa Elizabeth, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima ya Metropolitan Life huku Olive akilea watoto wote wanne. Marston aliandika vitabu, akafanya kazi kwa muda katika studio ya filamu ya Universal huko Hollywood, na mwaka 1938 akaonekana hata katika tangazo la nyembe, akiwapima wanaume kwa kipimo chake cha uongo.

Shujaa azaliwa

Mwaka 1937, Marston aliwaambia waandishi wa habari kuwa iko siku wanawake wataitawala Marekani. Wengi walicheka. Yeye aliamini kwa dhati kwamba wanawake wana uwezo mkubwa wa kuongoza kwa upendo, na kwamba dunia iliyoachiwa wanaume peke yao haiishi vita.

Wakati huo vitabu vya katuni vilikuwa vimelipuka kwa umaarufu. Superman alitokea mwaka 1938, Batman akafuata mwaka 1939. Wazazi na viongozi wa dini wakaanza kulalamika kuwa vitabu hivyo vinawaharibu watoto.

Oktoba 1940, jarida la Family Circle lilichapisha mahojiano ambamo Marston alivitetea vitabu vya katuni. Aliyemhoji alitumia jina la Olive Richard na kujifanya mgeni aliyemtembelea mtaalamu. Kumbe alikuwa Olive Byrne, mwenza wake wa nyumbani.

Mahojiano hayo yalimvutia mchapishaji Max Gaines, akamwajiri Marston kuwa mshauri wake. Marston alipendekeza shujaa mpya mwenye nguvu za Superman lakini mwenye moyo wa upendo. Kwa maelezo ya familia, ni Elizabeth aliyetaka shujaa huyo awe mwanamke.

Mwishoni mwa mwaka 1941, Wonder Woman alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la nane la All Star Comics. Mwandishi alitajwa kuwa Charles Moulton, jina la kubuni lililounganisha jina la kati la Gaines na lile la Marston. Mchoraji alikuwa Harry G. Peter, mzee wa zaidi ya miaka 60, ambaye ujanani mwake alichora katika jarida lililounga mkono haki ya wanawake kupiga kura.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kupambana na wahalifu katika katuni. Aprili 1941, miezi kadhaa kabla yake, mchoraji June Tarpé Mills alikuwa amemleta Miss Fury magazetini. Mchoraji huyo alitumia jina la Tarpé tu, ili wasomaji wasitambue kuwa ni mwanamke.

Vita dhidi ya uhalifu

Katika hadithi za Marston, Diana ni binti wa malkia wa Amazoni, wanawake waliotoroka utumwa wa wanaume na kuishi peke yao kisiwani. Anakwenda Marekani kusaidia kupambana na majasusi wa Ujerumani na Japani, akikinga risasi kwa bangili zake. Bangili hizo ni zile za Olive.

Maadui zake hawakuwa majasusi tu. Katika hadithi moja ya mwaka 1942, anaibua njama ya kampuni inayopandisha bei ya maziwa hadi watoto wa maskini wanashinda njaa, kisha anaongoza maandamano ya umma. Katika nyingine anawatetea wasichana wauza duka wanaolipwa ujira mdogo. Yupo pia Doctor Psycho, msomi anayewachukia wanawake na kutumia elimu yake ili wasipate uhuru. Mwaka 1943, jalada moja lilimwonyesha Wonder Woman akigombea urais wa Marekani.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Wajapani na watu weusi walichorwa kwa dharau iliyokuwa ya kawaida katika katuni za Marekani za wakati huo. Aidha, takriban kila hadithi ilimwonyesha shujaa akiwa amefungwa minyororo. Marston alidai kuwa ni ishara ya utumwa ambao wanawake wanapaswa kuuvunja, lakini Josette Frank, mtaalamu wa vitabu vya watoto aliyekuwa akimshauri mchapishaji, alilalamika kuwa picha hizo hazifai, akajitenga na kazi hiyo.

Nje ya kalamu ya Marston, shujaa huyo hakuheshimiwa kila mahali. Mashujaa wa kiume walipomkaribisha katika chama chao mwaka 1942, mwandishi mwingine aliyeandika hadithi hizo alimpa kazi ya ukatibu. Wenzake walipokwenda vitani, yeye alibaki kujibu barua. Marston alichukia.

Kalamu isiyotajwa

Mwaka 1944 kazi ilimzidi Marston. Alimwajiri Joye Hummel, msichana wa miaka 19 aliyekuwa mwanafunzi wake, ili amsaidie kuandika. Mwaka huohuo Marston alipatwa na polio iliyomlemaza miguu, na Hummel akabeba sehemu kubwa ya mzigo. Inakadiriwa aliandika zaidi ya hadithi 70, zote zikitoka kwa jina la Charles Moulton.

Marston aliaga dunia Mei 2, 1947, kwa saratani, nyumbani kwake Rye, New York. Hadithi zikakabidhiwa kwa mhariri na mwandishi Robert Kanigher, na Hummel akaondoka. Elizabeth aliomba aachiwe kuendeleza kazi ya mumewe, lakini hakukubaliwa.

Mabadiliko yalionekana upesi. Shujaa aliyegombea urais akaanza kushughulishwa na mapenzi na ndoa. Mwaka 1954, daktari Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichovishambulia vikali vitabu vya katuni, akiwamo Wonder Woman, na wachapishaji wakajiwekea masharti makali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shujaa huyo alinyang'anywa nguvu zake zote, pamoja na kamba yake.

Aliyemwokoa alikuwa mwanamke mwingine. Mwaka 1972, mwandishi na mwanaharakati Gloria Steinem alimweka Wonder Woman kwenye jalada la jarida jipya la Ms. Mwaka huohuo zilichapishwa katika kitabu kimoja hadithi teule za enzi za Marston, Steinem akiandika utangulizi. Mkusanyo huo uliwawezesha wanawake wa kizazi kipya kumsoma shujaa kama alivyokuwa awali, na mwaka uliofuata nguvu zake zikarejeshwa.

Kilichofuata kinajulikana na wengi. Lynda Carter aliigiza katika televisheni kati ya mwaka 1975 na 1979, na mwaka 2017 Gal Gadot akaigiza katika filamu iliyoongozwa na mwanamke, Patty Jenkins.

Ukweli wachelewa

Elizabeth na Olive hawakutengana baada ya kifo cha Marston. Waliishi pamoja kwa miongo mingi iliyofuata, wakiitunza siri yao. Elizabeth alifariki dunia mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 100. Habari za nyumba hiyo zilijulikana kwa mapana mwaka 2014, mwanahistoria Jill Lepore alipochapisha kitabu kilichotokana na barua na nyaraka za familia.

Hummel alisubiri hadi mwaka 2018, alipotunukiwa Tuzo ya Bill Finger, inayotolewa kwa waandishi wa katuni ambao kazi zao hazikuthaminiwa inavyostahili. Alikuwa na miaka zaidi ya 90. Alifariki dunia mwaka 2021.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika uwanja huu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waligombania majarida ya hadithi za picha za Lance Spearman, mpelelezi mweusi aliyewashinda wahalifu wote. Alikuwa mwanamume. Ilipofika mwaka 2021, Kenya ilitoa mfululizo wa katuni za video wa Super Sema, ambao shujaa wake ni msichana wa Kiafrika anayetumia sayansi na ubunifu, na Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa walioufanikisha.

Kipimo cha Marston hakikumwokoa Frye, na hadi leo wanasayansi wengi hawaamini kuwa mashine inaweza kubaini uongo kwa uhakika. Kilichoishi ni kamba aliyoibuni kwenye karatasi. Msichana anayeisoma leo, awe Boston au Magoma, anaweza sasa kujua kuwa bangili zilikuwa za Olive, wazo lilikuwa la Elizabeth na hadithi nyingi ziliandikwa na Joye, mambo ambayo Marston, pamoja na bidii yake yote ya kusaka ukweli, hakuyasema hadharani.